Nilificha Kwamba Nasoma Chuo, Sasa Bosi Ananifundisha Kuzidisha

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana kaka yangu nilimsimulia mkasa huu akacheka mpaka akakaa chini, na yeye ndiye niliyekuwa nimemtegemea.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na moja, niko mwaka wa pili chuoni, nasomea ualimu wa hesabu, na likizo hii ndefu ya wiki kumi na mbili nilijiapiza kwamba sitailala, nitatafuta kibarua ninunue kompyuta yangu mwenyewe, kwa sababu mwenzangu wa chumbani huniazima yake kwa masharti ya mtu anayeazima figo, mara usile karibu nayo, mara usiifunue sana, mara mbona imepata moto, hadi kazi za darasani naziandika huku moyo ukinidunda. Mama aliposikia nataka kazi alifurahi kuliko siku niliyofaulu mtihani, akaninyooshea sketi nyeusi, nikachapisha wasifu wangu nakala ishirini, nikaingia mtaani.

Mshauri, wiki tatu nilizunguka kama pia. Duka la simu walitaka mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili wa kuuza makava, nikauliza huo uzoefu watu wanaupata wapi kama kila duka linataka aliye nao tayari, muuzaji akaniangalia kama nimemtukana. Hotelini mlinzi wa getini aliipokea bahasha yangu kwa mikono miwili na heshima zote, nikaondoka nikijipongeza, kesho yake nikapita nikakuta ameikunja mara nne ameiweka chini ya mlango wa kibanda chake usijifunge kwa upepo. Duka la dawa wakasema nimesoma mno, ofisi ya kusafirisha mizigo wakasema sijasoma vya kutosha, na sehemu hizo mbili zinatazamana. Kuna rafiki wa baba aliyesema anamjua mtu, nikamsubiri huyo mtu siku nne, alipopatikana tukakuta na yeye anatafuta kazi.

Lakini kilichonivunja nguvu zaidi ni pale nilipokaribia kupata. Mazungumzo yanaenda vizuri, ninacheka nao, kisha naulizwa ninafanya nini kwa sasa, nikisema nasoma chuo tu basi, uso unafungwa, naambiwa niache namba. Mwenye tanuri la mikate ndiye pekee aliyenieleza bila kuzunguka. Alisema, "Binti, nikianza kukufundisha leo, siku utakayoijua kazi ndiyo siku utakayoondoka. Sasa mimi nitakuwa nimepata nini?" Alikuwa anasema kweli, nikatoka na njaa na harufu ya mikate yake kwenye nywele.

Mtaa wa pili kutoka hapo kuna karakana ya kushona mapazia, nikaona karatasi kwenye kioo, anatakiwa msichana wa kupima na kukata, awe mwepesi wa kujifunza. Mwenye karakana ni mama wa makamo ambaye kila mtu humwita Mama Mkasi kwa sababu mkasi wake mkubwa ameufunga kwa utepe unaning'inia shingoni, hata akienda benki anao. Alinikaribisha kiti, akanipa maji, akaniuliza nimefika wapi kimasomo, na mimi, mshauri, sijui ni uchovu au ni ile mikate, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kidato cha pili, mama. Nyumbani mambo yalikuwa magumu." Nyumbani mambo hayakuwa magumu. Nakala za wasifu zilizobaki zilikuwa kwenye mkoba mapajani mwangu, nikaukumbatia ule mkoba kama mtoto. Mama Mkasi akasema nianze kesho.

Kazi yenyewe naipenda sana, siwezi kukudanganya. Tuko watatu tu, Mama Mkasi anakata na kushona, mimi napima na kuandika oda, na Dada Pasi ananyoosha na kufunga mizigo. Huyu Dada Pasi anakaribia miaka thelathini, ana mwaka wa nne hapo, mcheshi hatari, na ana vijimambo vyake, kwa mfano kila mzigo wa mteja anaufunga kwa uzi wa rangi yake, huyu mwekundu, huyu wa kijani, halafu anakumbuka wote bila kuangalia kadi hata moja. Kadi yenyewe hunipa mimi nimsomee, anasema macho yake yana mvuke wa pasi, na kila siku mvuke uko palepale, nimemhimiza akapimwe macho yeye anasema kesho, na kesho yake haifiki.

Sasa msiba wangu ulianza wiki ya kwanza tu. Mama Mkasi alitolewa shuleni akiwa na miaka kumi na miwili akalee wadogo zake, hesabu alijifundisha ukubwani kwa kuandika na chaki kwenye mabaki ya vitambaa, kwa hiyo aliposikia eti nimeishia kidato cha pili huruma ikamjaa, akanunua daftari na kalamu nyekundu, na kila siku tukishakula mchana ananifundisha hesabu nusu saa. Kuzidisha, mshauri. Mimi niliyemaliza mtihani wa hesabu za juu mwezi uleule. Siku ya kwanza nilikosa zote makusudi nikidhani ndiyo heshima, nikaona machozi yanamlengalenga, akasema kwa upole kwamba hatutakata tamaa, basi kesho yake nikapata tatu, kisha nne, nikawa napanda taratibu kwa mpango, na usidhani kukosa makusudi ni rahisi, lazima ukose kama mtu anayejaribu, ile ni kazi kuliko kupata. Nikipata saba kwa kumi anaandika "Umejitahidi" na kuwaonyesha wateja daftari langu.

Dada Pasi naye hunichekesha, tukianza somo anasogeza meza yake karibu na yetu na kuanza kunyoosha, unakuta kitambaa kilekile amekipiga pasi mara tatu. Juzi niliulizwa saba mara nane, nikajifanya nimekwama naangalia dari, yeye akaninong'oneza hamsini na sita bila kugeuka, nikaona ana roho nzuri kweli kunisaidia.

Mara moja nilijisahau. Mteja alileta vipimo vya dirisha la mita tatu na robo, na pazia la mikunjo linataka kitambaa mara mbili na nusu ya upana, Mama Mkasi akawa anatafuta chaki, mimi nikasema nane nukta moja mbili tano. Karakana nzima ikanigeukia. Mama Mkasi akauliza nimejuaje, nikasema nimebahatisha, akacheka akasema Mungu amenipa kipaji nami nimekifukia. Wakati mwingine nawaza labda siku ile alijua, labda anajua na ananingoja tu, nami nikingoja na yeye akingoja mambo yataisha yenyewe.

Hayaishi. Ijumaa iliyopita alifunga karakana mapema, akatoa kwenye pochi mkebe mpya wa hesabu, ule wa bikari na rula, akaniambia ameniombea nafasi katika shule ya jioni, wamebaki na nafasi moja, ada atalipa yeye, na Jumamosi ya wiki ijayo ananipeleka kwa mwalimu mkuu niandikishwe. Akasema, "Mlango wangu mimi ulifungwa. Wako hautafungwa nikiwa hai." Dada Pasi alikuwa anafunga mzigo, akaacha, akasema hongera mdogo wangu, akaingia stoo. Mimi nikaingia chooni nikalia mpaka wakaanza kugonga.

Shule ya jioni inafunguliwa Jumatatu ileile chuo kinapofunguliwa. Zimebaki wiki tatu. Kaka anasema nipokee mshahara wa mwisho, nizime simu, nibadilishe laini, niseme nimeugua, kwa sababu mtu hafukuzwi kwa kuugua. Mama sijamwambia, anajua tu nina kazi na bosi ananipenda. Mimi nampenda yule mama, mshauri, sitaki aniangalie vibaya, na nikimwambia najua ataumia, nikinyamaza nitamuumiza zaidi, nikikimbia sijui nitapitaje mtaa ule maisha yangu yote. Nifanyeje?

Ni mimi, Mjinga wa Makusudi.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mjinga wa Makusudi, marahaba. Uliniomba nisicheke, nikajitahidi hadi kwenye bahasha iliyozuia mlango wa kibanda, hapo nikashindwa, unisamehe. Nimekwisha kucheka. Sasa vuta kiti tuzungumze.

Nianze na haki yako. Kutafuta kazi ukiwa mwanafunzi kunachosha, na wenye maduka wanaosoma safu hii nawaambia leo, mtu akija na nakala ishirini na viatu vimeisha soli mpeni angalau jibu, hata la hapana, jibu halina gharama. Mwenye tanuri alikuonyesha heshima kuliko wote, maana alikueleza tatizo lake. Na tatizo lake lilikuwa na dawa. Ungemwambia, "Nina wiki tisa, tarehe fulani naondoka, nipe kazi isiyohitaji kufundishwa, ya kufunga, kupanga, kupeleka oda." Likizo ijayo anza na tarehe ya kuondoka kabla hujaulizwa. Wapo watakaokataa, lakini atakayekubali amekubali wewe halisi, hutakuwa na mkoba wa kukumbatia.

Huruma yangu inaishia hapo.

Binti yangu, ulidanganya mara moja kwa sababu ya njaa, hilo naweza kulimeza. Lakini umelilisha lile neno wiki sita, ukalipangia hadi ratiba ya kupanda alama. Yule mama anaacha kazi yake kila mchana ili akupe nusu saa. Alitolewa shuleni akiwa mtoto, na kile kidogo alichokiokota kwa chaki juu ya vitambaa vilivyokatwa anakugawia, wewe unaangalia dari. Unasema hutaki akuangalie vibaya. Huo ni woga wa uso wako, usiubatize jina la mapenzi.

Na hilo la kuwaza labda anajua, liondoe kichwani leo. Hajui. Mtu anayejua hanunui mkebe wa bikari. Unataka ajue ili usilazimike kusema, ndiyo maana unaona dalili. Kaka yako naye mwambie nimemsalimu, na ushauri wake autunze, siku moja ataugua kweli na hataaminika. Njia ya mwongo ni fupi, yako imebakiza wiki tatu.

Lakini kilichonifanya niiweke barua yako mbele ya zote za wiki hii si Mama Mkasi. Ni yule mwingine, uliyemtaja kwa ajili ya kunichekesha.

Soma tena ulichoandika mwenyewe. Mwanamke wa karibu miaka thelathini, anafunga mizigo kwa nyuzi za rangi badala ya kuangalia kadi. Kadi anataka asomewe, kila siku, mwaka wa nne huu, na kwa daktari wa macho hataki kwenda, maana pale ukutani kumebandikwa herufi. Somo likianza anasogea. Kitambaa kilichonyooka ananyoosha mara tatu apate sababu ya kusimama hapo. Na saba mara nane akaijua, binti yangu. Hakuwa anakusaidia. Ameikamata kwa masikio, amesimama, na pasi ya moto mkononi, kutoka kwenye somo ambalo wewe ulikuwa unajifanya huliwezi. Halafu akasikia nafasi moja iliyobaki umepewa wewe, akakupa hongera, akaingia stoo. Wewe ukaingia chooni kujililia.

Naweza kukosea, mimi niko mezani na barua tu, wewe ndiye uko naye. Lakini kama sijakosea, basi umekalia kiti cha mtu. Na wewe si unasomea ualimu? Utakaa miaka thelathini mbele ya watoto, na kila darasa litakuwa na mmoja anayesema macho yanamuuma. Afadhali uanze kumwona sasa.

Sasa sikiliza la kufanya. Kesho asubuhi nenda mapema kabla karakana haijafunguliwa, mkute Mama Mkasi peke yake. Usitume ujumbe wa simu na usiandike barua, umeshaandika moja inatosha. Chukua kitambulisho chako cha chuo na ule wasifu. Mpe mkononi, kisha useme kwa maneno machache kwamba ulimdanganya, unasoma chuo mwaka wa pili, unasomea hesabu, ulificha kwa sababu kila mlango ulikuwa unafungwa ukisema ukweli, na kwamba kosa ni lako lote. Usianze kulia wewe, ukilia atalazimika kukubembeleza, na zamu ya kubembelezwa si yako. Mrudishie mkebe. Akikasirika, simama hapo akasirike mpaka amalize. Akikufukuza, mshukuru, sema utamalizia oda zilizobaki bila malipo, na ukubali akikataa. Usimpe mzigo wa kukusamehe siku hiyohiyo.

Akikubakisha, na mimi simjui lakini mtu anayefundisha na kalamu nyekundu baada ya chakula nadhani nina picha yake, muombe jambo moja tu, kwamba asiende kuifuta nafasi ile kabla ya Jumamosi. Asipokuelewa, mwambie huna ruhusa ya kueleza zaidi.

Hapo ndipo nataka uwe mwangalifu kuliko popote. Habari ya Dada Pasi si yako kuitoa. Miaka minne amemficha bosi wake, na hujui aliahidi nini siku alipoajiriwa. Ukienda kwa Mama Mkasi ukasema "mwenye shida ya shule ni yule pale", utakuwa umemvua mtu nguo ili wewe uonekane umevaa. Ukishazungumza na bosi, mwambie Dada Pasi mwenyewe ukweli wako, mkiwa wawili, mezani kwake, kwamba kidato cha pili kilikuwa uongo, na kwamba nafasi ya shule ya jioni iko wazi mpaka Jumamosi. Usimuulize kama anajua kusoma. Mwambie kama kuna mtu anaitaka, wewe una nusu saa kila mchana kwa wiki zote zilizobaki, na likizo ijayo pia utakuwepo. Kisha nyamaza, mwache aendelee na kazi yake. Anaweza kucheka na kubadilisha mazungumzo. Mwache. Anaweza kukujia siku ya nne, au asikujie kabisa, na hilo nalo ni lake.

Kompyuta utainunua, kama si likizo hii ni ijayo, na mwenzako wa chumbani avumilie kidogo. Ila la kesho usilisogeze hata kwa siku moja. Wewe ulificha unachokijua ili upate kazi, na Dada Pasi, kama naona sawasawa, anaficha asichokijua ili kazi isimponyoke. Kati yenu ninyi wawili, yupo mmoja anayeweza kusema ukweli asubuhi na asipoteze zaidi ya aibu ya wiki moja. Yule mwingine hathubutu mpaka aone mtu amesema na bado amesimama. Tangulia wewe.